Milimita Saba

Karatasi iliishia njiani.

Mama Pacha aliipapasa tena kwa ncha ya kidole, labda ingenyooka, lakini wapi! Ukuta wa mbele wa ile nyumba ya mfano, aliyoikata kwa kadibodi, ulikuwa sentimita ishirini na nne. Karatasi yenye picha ya matofali aliyokwisha kuibandika ilikoma milimita saba kabla ya kona. Mbaya zaidi, dirisha la mwisho lilikuwa limezibwa nusu na matofali.

Saa tatu u nusu. Saa nne nesi mstaafu angekuja kuiona nyumba yake kabla hajatia saini ijengwe. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio ya Mama Pacha katika ofisi hii ya wachora ramani. Modeli ikikubaliwa, kazi anayo. Isipokubaliwa, arudi kwa wanawe wawili na cheti chake cha masomo ya jioni.

Aliweka rula kwenye mstari wa kipimo, pembeni mwa karatasi zilizobaki. Ulipaswa kuwa sentimita kumi. Ulikuwa tisa na milimita saba. Jana, kwa haraka ya kuwawahi pacha, aliiacha mashine ya kuchapa ijiamulie. Nayo ikaminya michoro yote ili ienee kwenye karatasi.

"Si uchape upya?" alisema mchoraji wa meza ya pili. Wote walimwita Binamu, maana alikuwa binamu yake bosi na hakuacha mtu asahau.

"Kwa wino gani? Si umeumaliza na mapicha ya gari lako?"

"Haya, yameshanigeukia! Paka penseli nyekundu hapo konani. Bibi wa watu macho yenyewe ya kukisia."

"Na bosi je?"

Binamu akarudi kwenye mchoro wake. Bosi hakuitwa Milimita bure.

Mama Pacha akaung'oa ukuta, akautupa. Akakata mwingine, mweupe mtupu: madirisha sita, kila moja kona nne, kisu kikiteleza tu basi tena. Jasho lilimtiririka, akalifuta kwa bega lisije likadondokea kadibodi. Gundi ilikuwa bado mbichi mlango ulipofunguliwa, nesi akaingia, Milimita nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Nesi akaizunguka meza. "Mbona nyumba yangu mmeivisha sanda?"

Milimita akamgeukia Mama Pacha.

"Nilikosea kuchapa matofali, mama. Yalitoka madogo. Ningeyabandika, ningekuonyesha nyumba isiyojengeka. Hii nyeupe ni vipimo vyako kamili."

Milimita akachomoa rula. Mbele. Ubavuni. Dirisha la kwanza, la pili. Nesi naye akalishika paa, akalinyanyua aone vyumba. Ukuta mpya ukayumba.

Ukasimama.

"Hapa kitanda kikiingia, mlango haufunguki," nesi akasema. "Usogezeni, nitie saini."

Milimita akaiweka rula chini.

"Karatasi ikitoka kwenye mashine, unafanya nini?"

"Kwanza napima mstari wa kipimo, bosi. Ndipo nashika kisu."

"Kila karatasi?"

"Kila karatasi."

"Jumatatu uje na kikombe chako cha chai. Vya hapa Binamu kavivunja vyote."