Trela la Kitanda Kimoja

Wewe unayesoma, hebu nitegulie hiki: nyumba yangu ikilala hunenepa, ikisafiri hukonda. Ni nini?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Nauchukua Salina, Kansas, maana ndiko yalikonikuta haya. Jibu ni trela, nyumba ya magurudumu, lile kubwa ambalo shingo yake hukaa mgongoni mwa pikapu. Ukiegesha, unabonyeza kitufe, na ukuta wa sebule unatoka nje kama droo. Ukitaka kuondoka, unaurudisha ndani.

Mimi na mume wangu Orrin tulikuwa tumeshauza nyumba. Walionunua walitaka funguo Ijumaa, na Jumanne sisi bado tunazunguka uwanja wa matrela, tukitafuta moja la kuishi humo siku zote zilizobaki. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania lenye chumba cha watoto nyuma, chenye vitanda viwili, kimoja juu ya kingine.

"Vya nani hivyo, Lavonne?" Orrin akauliza. "Kitinda mimba wetu mwenyewe ana kipara."

"Wajukuu watakuja kutusalimia."

"Kwa urefu ule? Watalala miguu iko dirishani!"

Darla, mwanamke aliyekuwa akituuzia, akacheka akatupeleka kwenye jingine. Lilikuwa na jiko zuri, dirisha juu ya sinki, na ngazi tatu za kupandia chumbani. Chumba kimoja, kitanda kimoja. Orrin alipapasa makabati kama anapapasa farasi.

"Watu hununua trela kama zawadi, bila kulijaribu," Darla akasema. "Kwangu hapana. Mzee, ingia chooni, funga mlango, kaa. Mama, simama kwenye sinki ujifanye unaosha vyombo."

Orrin akakaa chooni na suruali yake, akapiga kelele, "Magoti yameenea!"

"Safi. Sasa vueni viatu mkalale wote wawili. Msione haya, mimi nageuka."

Orrin akapanda mbio kama kijana, akajinyoosha upande wa dirishani. Godoro lilikuwa jipya, bado limefungwa nailoni, na nailoni ikalia chini yake. Akalipigapiga. "Njoo, bibi harusi."

Mlio ule naujua. Tangu nilipofanyiwa operesheni, miaka mitatu nimelala juu ya nailoni, peke yangu, chumba cha mwisho, nikimsingizia mzee wa watu kwamba anakoroma. Kila alfajiri nilishuka na mashuka kwenye mashine ya kufulia kabla hajaamka. Daktari sikumwambia, na dada yangu pia sikumwambia. Sasa nimesimama kwenye ngazi ya pili, masikio yanawaka moto.

"Mgongo unaniuma," nikasema.

"Jana umebeba sanduku zima la sufuria."

"Ndiyo maana leo unauma."

Darla akatutazama mmoja mmoja, akasema kuna karatasi amesahau ofisini, akatoka. Alifunga mlango taratibu kabisa.

Orrin akaketi. Akavua kofia, akawa anaizungusha mikononi.

"Mimi sikoromi, Lavonne."

"Unakoroma."

"Nilijirekodi kwa simu. Siku nne mfululizo. Hakuna hata mlio wa paka." Hakunitazama. "Nikanyamaza. Nikasema, amenichoka, nimlazimishe vipi? Halafu wazo la trela likanijia. Nikaona humo tutakuwa na kitanda kimoja, hutakuwa na pa kunikimbilia. Leo unanitafutia kitanda cha mtoto."

Nilidhani aibu yangu ni ya mashuka. Kumbe kubwa zaidi ni hii: kwa kuficha mashuka yangu nimemwacha mtu mwema ajione hatakiwi, miaka mitatu, naye kila asubuhi ananitengenezea kahawa.

"Kama hunitaki, sema sasa, kabla sijatia sahihi," akasema. "Nitanunua lile la vitanda vya watoto, sitauliza tena. Lakini niambie. Ulihama kitandani kwangu kwa nini?"

Nikavua viatu. Nikapanda ile ngazi ya tatu, nikajilaza kando yake, nailoni ikalia tena. Nilitazama dari, maana uso wake nisingeuweza.

"Kwa sababu najikojolea usingizini, Orrin."