Pampu ya Mvuke ya Wifi

Fundi mitambo alichoka kumwona wifi yake akihangaika na ndoo za maji hadi ghorofa ya tatu, basi akamuundia pampu ya mvuke uani. Siku ya majaribio, wifi alisimama dirishani kwake juu, ameshika ncha ya mpira wa maji, anacheka.

"Wifi, hilo birika lako litapandisha maji kweli, au kelele tu?"

Fundi alichochea moto, akafungua vali. Pistoni ikaanza kuhema, mpira ukatikisika, lakini juu halikutoka hata tone. Wifi akauchungulia kwa jicho moja.

Maji yakamvaa usoni. Fundi akashika kichwa, akijua leo ameyakoroga. Baada ya kitambo wifi akachomoza dirishani, amelowa chapachapa.

"Zima, wifi!" akapaza sauti, kicheko kimemjaa. "Ndoo zote zimejaa, na mimi nimeshaoga!"