Swali Moja Mahurunga

Kigingi cha kwanza kilipogongwa ardhini, mwanamke aliyesimama karibu alirudi nyuma kana kwamba nyundo imempiga yeye.

Mwanakombo aliliona hilo. Alikuwa binti wa Mikindani, wa kwanza katika ukoo wao kusomea elimu ya jamii chuo kikuu, na mwaka ule wa 1974 alikuja Mahurunga kuchunguza maisha ya watu wanaohamishiwa kijiji kipya. Walimu wake walimfunza kwamba mtafiti ni jicho, si mkono: atazame, asiguse. Lakini akimenya mihogo na wanawake wa pale, lilimfunukia jambo lililomnyima usingizi kwa furaha. Hapa mwanamume akioa, yeye ndiye anayefunga virago na kuhamia kwa mkewe. Nyumba ni ya mke, mikorosho ni ya ukoo wa mama. Na sasa Lukasi, ofisa wa viwanja, alikuwa akiwaita waume peke yao awaandikie viwanja kwa majina yao. Kwao Lukasi, mkuu wa kaya ni mume, wala hakuona sababu ya kuuliza.

Saumu, yule aliyerudi nyuma, alikitazama kigingi cha pili kikizama ardhini.  Mwanakombo alihisi ulimi ukimwasha. Jicho gani hili, alijiuliza, linaloona mtu akinyang'anywa chake kisha likapepesa tu?

"Ndugu ofisa, naomba niwaulize wanaume swali moja."

Lukasi alikubali kwa adabu ya mtu mwenye haraka.

"Ndugu zangu, nani kati yenu alihamia kwa mkewe? Asimame."

 Isihaka, mwenyekiti wa kijiji na mume wa Saumu, aliinuka polepole akipangusa mchanga. Mzee mmoja akamfuata, halafu vijana kwa mkupuo, hata pakawa hapana aliyeketi. Walipoona walivyo wengi, kicheko kikawaponyoka. Wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akapaza sauti kwamba hata mikorosho ni ya mama zao. Mwanakombo aliwatazama: wazo alilolibeba kichwani peke yake lilikuwa limesimama kwa miguu ya watu.

Lukasi alisema maagizo ya kuwaandika waume yametoka juu, hana mamlaka ya kuyabadili. Hata hivyo aliiweka nyundo chini, akamgeukia Saumu.

"Mama, hiyo mikorosho yenu iko wapi?"

"Twende ukaione, mwanangu."

Akajifunga kanga kiunoni, akatangulia. Wanawake wakamfuata, waume nyuma yao. Mwanakombo alivua viatu, akakimbia asipitwe na neno, maana Saumu alikuwa ameanza kuitaja mikorosho mmoja mmoja, kila mti kwa jina la bibi aliyeupanda.