Kichuguu au Omukago

"...kichuguu, shoga, kichuguu tu! Mpira umegonga kichuguu, ukampita Placidius juu, ukaingia!"

Adventina hata hakukaa. Kijiji kizima cha Nkwenda kilikuwa kinasema mchumba wake Placidius, golikipa wao, amewauzia Kayanga mechi, na baba yake Adventina ameapa msaliti haoi kwake.

Shufaa aliendelea kukunja kanga dukani. "Hiyo bahati ikangoja mpaka mwisho mwisho?"

"Ndiyo mpira ulivyo! Chuoni, kwenye netiboli, tunafungana magoli mengi, moja la bahati halimsumbui mtu. Huku goli lenyewe moja! Kichuguu kimoja, umekwisha."

"Sawa, mwalimu. Alipiga nani?"

"Rwezaura wa Kayanga."

Shufaa akaacha kukunja. "Yule aliyekula omukago na Placidius?"

Adventina alikuwepo siku ile wawili hao walipochanjana ili wawe ndugu wa damu, wakapaka damu kwenye punje mbili za buni moja, kila mmoja akatafuna ya mwenzake. Na aliyekula omukago hamnyimi nduguye anachoomba.

"Kwani goli nalo huombwa?" aliuliza, sauti imempungua.

"Mimi sijasema kitu, shoga."

Adventina alijaribu kuuona tena mpira ule. Kichuguu alikiona vizuri. Kwamba mpira ulikigusa, sasa hakuwa na hakika.

"Jioni Placidius anakuja nyumbani," alisema, akijifunga kanga upya. "Nitamuuliza usoni: kichuguu au Rwezaura? Kesho usifungue duka kabla sijafika. Nitakueleza yote, hata kama ni ya kunitia aibu."