Nyoka wa Nyuma ya Mbao

Kitunguu saumu kilikuwa kimemchoma vidole mpaka vinawaka, lakini yule mama aliendelea kutwanga. Ili kumfukuza nyoka, alishapanda mchaichai kuzunguka ua, alishamimina siki kwenye kila tundu la ukuta, na bado asubuhi ile alilikuta gamba la nyoka karibu na bomba la maji, refu, kavu, kama nguo ya mtu aliyeivua akaenda zake kuoga.

Binti yake alikuwa anarudi kazini kwenye duka la dawa, na mtoto wake ndiyo kwanza anatambaa, kila akionacho anatia mdomoni. "Mama, nyoka akiwapo simleti mtoto umlee kwako," alisema kwenye simu. "Nitampeleka kwa mama mkwe." Huko kwa mama mkwe nyumba imejaa wajukuu. Huku mama, tangu mumewe afariki, alikuwa anakula peke yake na kuongea na sufuria.

Shemeji yake, seremala wa nyumba ya pili, ndiye aliyejaza mbao nyuma ya ua ule. Alipita, akanusa, akacheka.

"Shemeji, kwa harufu hii nyoka atadhani umemwalika chakula."

"Cheka tu. Hizi mbao utaziondoa lini?"

"Zina kosa gani? Ziache zikauke."

"Zinakauka tangu kaka yako yu hai."

Akajitia hamnazo, akaenda zake.

Kesho yake, baada ya sala, mama alimwaga mtama chini kwa ajili ya ndege, kama afanyavyo kila asubuhi, sadaka ya marehemu mumewe. Safari hii hakuingia ndani. Aliketi kizingitini akatazama. Ndege walidonoa kidogo wakaruka. Akatoka panya chini ya mbao, akabeba punje, akarudi. Akatoka mwingine, mnene, hana hata haraka.

Damu ikampanda. Muda wote huu anamwomba Mungu amwondolee nyoka, na kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe anamnenepeshea kitoweo.

"Mola wangu, si ungenionyesha mapema," alinung'unika, kisha akaomba msamaha kwa kusema hivyo.

Akafagia punje zote. Akashika ubao wa kwanza, akauburuta mpaka mlangoni kwa shemeji, akaubwaga. Akaja na wa pili. Shemeji akatoka, sabuni imemjaa nusu ya kidevu.

"Shemeji, umerukwa na akili?"

"Shika huko."

Akashika, akilalamika mpaka ubao wa mwisho. Panya walitawanyika. Yakabaki mashimo matupu. Nyoka hakuonekana.

Jioni simu ikalia. "Mama, nyoka ametoka?"

Shemeji alikuwa anajifuta jasho. Akamnong'oneza, "Sema ametoka. Tumehamisha msitu mzima."

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini hakumwona akitoka.

"Tumeondoa mbao, na panya wamekimbia," alisema. "Yeye mwenyewe sijamwona."

Binti akamjibu: "Basi mama, mtoto aende kwa bibi mwenzako kwanza. Mwezi huu tu."

"Haya, mwanangu."

Akaiweka simu chini taratibu, ingawa mkono ulitaka kuitupa.

"Na wewe na ukweli wako," shemeji alisema. "Ungemlaza mjukuu hapa leo hii."

"Nyamaza," alimjibu. "Lete udongo na mawe tuzibe haya mashimo."