Kura Ambayo Hatuna Al Quoz

Picha ya binti yangu ilinifikia kutoka kijijini Kenya, na wakati huo mimi na yeye tulikuwa tunaishi mji huu mmoja wa Dubai. Kaka yangu ndiye aliyeituma. Metrine amesimama na yunifomu yake ya ulinzi, beji kifuani, jina la kampuni linasomeka vizuri. Juu yake wameandika DUBAI IMEAMUA. Pembeni kuna uso wa mgombea wa useneta wa kaunti yetu, anacheka. Chini wameandika: Jumapili hii, laivu kutoka Al Quoz.

Kaka akaongeza, "Umezaa kiongozi, dada."

Nilikuwa jikoni kwa madam ninayemfanyia kazi, mtaa wa Al Mankhool, nakaanga vitunguu. Vikaungua.

Naandika haya kwa kina mama wenzangu wenye watoto wa kazi huku. Shule niliishia darasa la saba na siasa sizijui. Lakini haya yametokea kwangu, na kampeni bado zinaendelea, na huenda kesho wakamfuata wako.

Harufu ya kuungua ilimleta Bi Masuda, mama mkwe wa madam. Ni mtu mzima, watu wake walitoka Unguja zamani sana, na Kiswahili chake ni kile cha kwao.

"Umepatwa na nini, mwanangu?"

Nikampa simu. Akaisogeza karibu na macho.

"Huyu si mwanao? Na hizi si nguo za kazi?"

"Ndiyo, bibi."

"Mwambie azivue. Hapa mtu hakusanyi watu kwa siasa bila ruhusa, ziwe za kwenu au za nani. Sisi tumekaa hapa tokea marehemu mume wangu yu hai, na mpaka leo mambo ya Unguja tunayazungumza chumbani, mlango umefungwa." Akanirudishia simu. "Jumapili nenda ukamchukue. Madam nitazungumza naye mimi."

Nikampigia Metrine, nikamuuliza Jumapili kuna nini.

"Mama, ni birthday tu."

"Ya nani?"

"Ya mtoto wa Harrison."

"Harrison ana mtoto?"

Harrison ni dereva wa basi la kampuni yao, mtu wa kaunti yetu, ulimi wake una asali. Mtoto hana, kila mtu anajua.

"Mama," akasema, "wewe umemsahau Barbara?"

Sijamsahau. Barbara alikuwa msichana wa jirani yetu kule nyumbani, mfanyakazi wa ndani hapa. Alilala hakuamka. Mwili ukakaa mochari, sisi tukabaki kupiga simu. Ofisi ya seneta ikasema tuulize kwa gavana, kwa gavana wakasema tuulize ubalozi. Aliyepiga simu zile zote ni Metrine, akiwa amesimama getini kazini. Mwishowe watu wa kanisa ndio waliohangaika mpaka akarudishwa. Tangu siku ile mtoto wangu ana hasira ambayo hailali.

"Huyu mgombea ameahidi," akasema. "Akiingia, ofisi yake itakuwa na mtu wa kushughulikia sisi tulio nje. Mtu wa kushika simu tu, mama. Hicho peke yake."

"Na sisi huku kura ya seneta tunayo? Si tunapiga ya rais tu?"

"Hatuna. Lakini nyumbani nani anawalisha? Wewe ukisema mpigieni fulani, mjomba atakataa?"

Hapo nikajua hayo maneno amepewa na Harrison.

Jumapili nilifika nyuma ya gereji moja Al Quoz, mtaa wa viwanda, mahali Harrison anapoegesha basi. Keki ilikuwepo, imeandikwa jina la mtoto asiyekuwepo. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Wengine walikuwa bado na ovaroli za kazi, wanacheka, wanaongea lugha ya nyumbani. Mimi kila gari lililopita barabarani niliona ni la polisi.

"Mathe!" Harrison akaniita. "Umekuja kutukatia keki?"

"Nimekuja kumchukua mtoto."

"Mtoto gani? Huyu ni mheshimiwa sasa."

Watu wakacheka. Nikamvuta Metrine nyuma ya basi.

"Vua hiyo shati ya kazi."

"Nibaki na nini, mama?"

Nilikuwa na leso begani. Nikamfunika nayo kifua chote, nikaikaza kwa pini. Alikuwa amekasirika, lakini hakuitoa. Akaniangalia, akaona jinsi ninavyochungulia barabara, akashika ncha ya leso mwenyewe.

"Nitasema ya Barbara tu," akaniambia. "Nikimaliza tunaenda."

Harrison alikuwa ameshawasha laivu. Ameinua simu, anazungukazunguka nayo. Akatuona tunatoka.

"Mathe, hiyo leso inaficha Dubai," akasema, wenzake wakacheka tena. Metrine akafungua mdomo aanze, Harrison akaihamisha simu usoni kwangu. "Watu wetu wa nyumbani, huyu ndiye mama mzazi. Mama, wasalimie."

Nilifikiri nikisema mimi, yeye hatasema. Nikajitia mbele yake.

"Mimi ni mama Metrine," nikasema. "Msisikilize mambo ya huku. Sisi huku hatuna kura ya seneta. Kura ni zenu. Yule mnayemtaka, mpigieni."

Nilingoja Harrison akasirike. Akapiga makofi. Akasema, "Asante sana, mathe, umemaliza kila kitu," akazima simu, akaenda kukata keki. Metrine hakupata hata neno moja la Barbara. Nikamshika mkono tukaondoka, nikijua nimemwokoa.

Wiki hiyohiyo watu wa kampeni wakatoa video fupi. Wameikatakata. Ninasema, "Mimi ni mama Metrine. Kura ni zenu. Mpigieni." Halafu watu wanaimba jina la mgombea. Nyuma yangu wamemweka Metrine na yunifomu, beji wazi, kutoka ile picha ya kwanza.

Supavaiza wake, Nasifu, Mganda, ndiye aliyempigia. "Sister, imefika ofisini. Nimekuombea, wamesema khalas, basi." Makosa yalikuwa yunifomu ya kampuni kwenye siasa. Viza ikafutwa. Binti yangu akafunga sanduku.

Wamama, sikilizeni. Nimeirudia ile video mara nyingi nikimtafuta Harrison. Hayumo. Uso wake hauonekani hata kidogo, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika simu. Mpaka leo anaendesha basi. Mtoto wako akiitwa mbele aseme kwa niaba ya wenzake, muulize kwanza nani anashika simu, na huyo mtu yeye mwenyewe anasimama wapi. Na mwambie yunifomu ibaki kwenye msumari. Na wewe usijidai mjanja ukaingia mbele kama mimi.

Jana Metrine alinipigia akiwa sokoni kule nyumbani. Akasema, "Mama, sikia." Akaielekeza simu kwenye gari la kampeni. Nilijisikia kwenye spika, nawaambia watu wapige kura, sauti kubwa kuliko soko lote.

"Kaka yako anasema boma zima linampigia kura huyo mgombea," akasema. "Kwa sababu yako."

"Mwambie sikusema hivyo."

"Nimemwambia. Anasema amekusikia kwa masikio yake."

Kisha akaniambia kwamba leo asubuhi ataenda ofisi ya huyo mgombea. Atasimama mlangoni mpaka atoke, amuulize kuhusu sauti yangu, na amuulize kuhusu Barbara, mbele ya watu. Nikamwambia asiende. Nikamwambia hao wana vijana wa kupiga watu. Nikamwambia akae nyumbani, apumzike, tutafute kazi nyingine.

"Mama," akasema, "huku mimi nina kura."

Tangu hapo simu yake haipatikani.