Gari Limefia Mlimani

Dereva alikuwa amelala chali chini ya lori. Hakuwa akilitengeneza; kivuli kingine hakikuwepo kwenye mlima ule. Mawe mawili yalizuia matairi ya nyuma. Oili ilidondoka karibu na bega lake, nyeusi, ikinuka kuungua.

Simu ikaita. Dada yake.

"Kaka, umefika wapi?"

"Nipo njiani."

"Wanataka kumzika baba alasiri hii. Wazee wamesema hawangoji zaidi. Na wewe ndiye mkubwa wetu."

"Waambie nakuja."

Kazini kwao sheria ilikuwa moja: gari likifa njiani, dereva habanduki. Anakula hapo, analala hapo, mpaka tajiri mwenye gari atume mtu. Mwenzao mmoja aliliacha lake akaenda kumwona mgonjwa. Alipofika nyumbani alipokelewa na polisi, akaitwa mwizi.

Tajiri ndiye aliyelipeleka lori gereji. Alichoka kusikia kwamba limesimama kando ya barabara lichome masizi yaliyoziba chujio la moshi. Fundi akalikata chujio hilo, akachomelea bomba tupu, akaichezea kompyuta ya gari ili injini inywe dizeli zaidi, na taa ya kuonya joto akaizima isisumbue.

"Injini haitaumia?" dereva aliuliza siku ile.

"Iumie na nini? Sasa ndiyo itapumua, mzee. Wewe ukizibwa pua unaweza kukimbia?"

Wakacheka wote, na dereva akacheka kuliko wao. Kweli lilivuta. Milima lilipanda kama mbuzi. Hata baba yake, hoi kitandani, alisimuliwa habari za lori hilo akatabasamu.

Leo alilikamua ili awahi maziko. Moshi ukawa mweusi tii, kisha mweupe, kisha injini ikagonga ndani kwa ndani na kunyamaza.

Alimpigia tajiri.

"Pole sana kwa msiba," tajiri alisema. "Sasa nisikilize. Mtu wa bima anakuja hapo. Usimtajie ekzosi tuliyoikata. Ukiitaja tu, hawatoi kitu. Sema ulisahau kuongeza maji."

"Lakini maji niliongeza, bosi."

"Najua. Wewe sema hivyo, nami natuma dereva akupokee lori. Utawahi kumzika mzee."

Mtu wa bima alikuja na shati lililopigwa pasi. Aliinama, akalitazama bomba lililogeuka rangi kwa joto.

"Na hili?"

"Nililikuta hivyo."

"Maji je?"

"Nilisahau."

"Mtu mzima kama wewe? Na mzigo huu, kwenye mlima huu?"

"Nilisahau, mheshimiwa."

Yule bwana akatikisa kichwa, akarudi kwenye gari lake lenye kiyoyozi. Dereva akaanza kukodolea macho kona ya chini. Kila gari lilipochomoza alisimama wima, na kila moja likampita. Mwisho akapiga simu tena.

"Bosi, huyo dereva amefika wapi?"

"Dereva gani? Wote wako safarini. Halafu ukirudi, usiguse tena gari langu. Uzembe umeukiri kwa mdomo wako."

"Bosi, baba yangu anashushwa kaburini."

"Na mzigo wa watu atalinda nani?"

Simu ikakatwa. Alitazama chini barabarani, akatazama turubai la mzigo, akakaa. Muda haukupita dada yake akapiga. Hakuuliza tena amefika wapi.

"Naisogeza simu karibu, kaka. Usikilize tu."

Alivua kofia, akaibana simu sikioni. Alisikia watu wakikohoa. Mtu akasema, taratibu, taratibu, shikeni kamba. Kisha majembe, na udongo wa kwanza ukitua juu ya mbao.

Basi lilikuja likipanda, likakwama nyuma ya lori. Dereva wake akatoa kichwa dirishani.

"We mzee! Ondoa mzoga wako barabarani!"

Abiria wakaangua kicheko.

"Ni nani huyo anapiga kelele huko?" sauti ya mzee mmoja iliuliza kutoka makaburini.

Akaifunika simu kwa kiganja. Mkono mwingine akauinua juu, kumwomba radhi dereva wa basi.